Njia Isiyoombwa

Kilichowaudhi watu wa Keldrow si kwamba Dinah Tallentire alitaka mumewe apitishwe katika shamba la Norman Alderson. Kilichowaudhi ni kwamba hakuomba. Neno moja lingetosha, walisema, tena kwa jirani ambaye ametazamana naye ng'ambo ya barabara tangu aolewe. Angesema "Tafadhali, Norman," na jeneza lingepita, chai ingenywewa, kila mtu angerudi kwa kondoo wake. Lakini Dinah alijua, kama wao walivyojua, kwamba neno hilo ndilo lingeiua njia.

Huku kwetu kaskazini mwa Uingereza wazee waliamini jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria: palipopita jeneza likielekea kanisani pamekuwa njia ya watu wote, wala hakuna mwenye shamba awezaye kuifunga tena. Kinga ya mwenye shamba ilikuwa ruhusa. Wabebaji wakiomba kwanza, au wakichomeka pini kwenye mwimo wa geti kama ushuru, basi maiti amepita kama mgeni na hakuacha haki yoyote nyuma yake. Katika vijiji vingi imani hiyo imebaki hadithi ya kuchekesha wageni. Keldrow bado watu huitazama miimo ya mageti.

Ni kijiji kidogo, nyumba chache za mawe upande mmoja wa barabara, na shamba la Alderson upande wa pili. Duka lilifungwa, baa ikafuata. Kiserikali Keldrow ni parishi kamili, lakini ina watu wachache mno kuwa na baraza, kwa hiyo mambo yake huamuliwa na mkutano wa watu wazima wote katika Chumba cha Kusomea, ambamo hakuna anayesoma. Mwenyekiti wa mkutano huo ni Norman Alderson, kama alivyokuwa baba yake. Kanisa halipo Keldrow. Lipo Hallbeck, ng'ambo ya kijito. Ukikatiza malisho ya Norman unafika kabla birika uliloliacha jikoni halijachemka. Ukifuata barabara unapanda hadi darajani, unazunguka kilima, unapita nyuma ya machimbo ya mawe, na unaingia Hallbeck kwa mlango wa nyuma kama mtu anayedaiwa.

Dinah alizaliwa Hallbeck na alikuja Keldrow kwa njia hiyo ya malishoni, bibi harusi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa mpishi wa shule ya Hallbeck mpaka shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Asubuhi alivuka na watoto wa Keldrow wakimfuata msururu, wakiwemo binti za Norman. Alasiri alirudi nao, koti lake likinuka vitunguu. Shule ilipofungwa alikwenda kufanya kazi na Wilf, mumewe, aliyekuwa mjenzi wa kuta za mawe, zile kuta zetu zisizo na saruji, ambazo husimama kwa sababu kila jiwe limelaliwa na jingine. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alikuwa akisema jambo mara moja.

Norman Alderson si mtu mbaya, na Dinah mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Februari ya mwaka fulani, mbwa wa watalii wa miguu alichomoka kambani, akawakimbiza kondoo wa Norman waliokuwa karibu kuzaa hadi kwenye kijito kilichofurika. Dinah alikuwa anavuka wakati huo. Aliingia majini na koti lake, akasaidia kuwatoa. Wengine walitoka wamekufa. Wiki iliyofuata Norman alimwita Wilf aje azibe kivukio, zile ngazi za mawe katika ukuta ambazo njia ilipitia. Wilf akaziba.

"Yule mtu amepoteza kondoo," Wilf alimwambia mkewe jioni ile, kwa kuwa mkewe alikuwa hajasema naye tangu adhuhuri. "Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia kwamba siku moja unataka kuzikwa."

Wilf alifikiri, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Njia haikuwa na utetezi mwingine. Katika ramani ya jimbo ya njia za umma haimo. Zamani, serikali ilipoagiza kila parishi itaje njia zake, mkutano wa Keldrow ulijibu kwamba haina njia za kutajwa: anayezitumia anazijua, na asiyezijua hana shughuli huku. Wazee wale waliona wamewaweza sana maofisa. Walikuwa wamejifutia njia wenyewe.

Januari kifua cha Wilf kilijaa. Hospitalini, mrija puani, alimwambia Dinah, "Mnipitishe chini. Kwa Norman. Msinizungushe barabarani kama tangi la maziwa."

"Wewe ndiye uliyeuziba ule ukuta, mpumbavu wewe."

"Najua. Niliujenga vizuri pia. Pole."

Alikufa katikati ya Februari. Mwana wao Kester, afanyaye kazi ya bima Leeds, alikuja na gari lake na sura ya mtu aliyekuja kupanga mambo. Alikuwa ameshazungumza na Bwana Raine, mwenye gari la mazishi.

"Ijumaa, mama. Gari lake jipya, viti vinapashwa joto."

"Baba yako hahitaji joto."

"Wewe unahitaji."

"Mimi nitakuwa natembea," Dinah alisema.

Mkutano wa parishi ulikuwa umeitishwa Jumanne ile kwa ajili ya mashimo ya barabarani, na haukuahirishwa. Watu walijaa kuliko miaka yote. Kulikuwa na keki ya tangawizi na birika kubwa la chai. Dinah alikaa kiti cha mbele, amevaa koti la Wilf. Kester alikaa kando yake. Kasisi Philippa, mgeni bado, maana alikuwa amekaa miaka michache tu, alisimama karibu na jiko.

Norman alimaliza mashimo haraka. Ni mtu mnene, mwekundu wa uso, na mikono yake haijui pa kukaa akiwa ndani ya nyumba.

"Dinah," alisema. "Pole tena."

"Ahsante."

"Nasikia Wilf anataka apitishwe chini."

"Wilf hataki kitu tena. Alitaka. Sasa ninayetaka ni mimi."

"Haya, semeni kama mnasema," alisema Jessie Bousfield kutoka nyuma. Jessie amepita miaka themanini na husikia kila kitu asichoambiwa. "Chai inapoa."

Kasisi aliinua mkono. Alieleza kwa upole kwamba amempigia simu mwanasheria wa dayosisi, na kwamba imani hii ya jeneza haina uzito wowote kisheria. Jeneza haliumbi njia. "Kwa hiyo Bwana Alderson hana cha kupoteza, na Wilf anaweza kupita. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake chochote."

"Kasisi," Norman alisema, "wewe kwenu wapi vile? Kent?"

"Surrey."

"Ndiyo maana."

Watu walicheka, maana zote mbili ni kusini kule kule, na kasisi naye akacheka, akakaa. Norman alimgeukia Dinah.

"Wewe uliwaona wale kondoo. Uliingia majini pamoja nami."

"Niliwaona."

"Na mwezi ulikuwa huu huu, wakiwa na mimba hivi hivi. Unataka yale yarudi?"

"Nataka mume wangu afike kanisani."

"Basi nitakuuliza swali moja, na jibu lako nitalichukua, maana hujawahi kunidanganya. Wilf akipita pale Ijumaa, mwanasheria aseme atakavyo, wewe moyoni mwako unaamini njia itakuwa imefunguka, au haikufunguka?"

Kester alimgusa mama yake kwa goti. Kila mtu aliona. Neno "haikufunguka" lingemaliza kikao. Norman alikuwa amemfungulia mlango, akausimamia kwa heshima.

"Itakuwa imefunguka," Dinah alisema.

Mtu aliweka kikombe chini.

"Na mimi naamini hivyo," Norman alisema. "Basi niombe. Hapa hapa, mbele ya watu. Nitakubali kabla hujamaliza neno. Au hutaki kuomba, choma pini, sitasema kitu. Babu yake Wilf walimchomea pini."

"Babu yake Wilf alipita bila pini."

"Pini zilikuwepo. Bibi yangu aliziona."

"Bibi yako, Norman, alikuwa akimwamkia farasi akidhani ni kasisi."

"Na farasi alikuwa anaitikia," Jessie alisema.

Norman mwenyewe alicheka, tumbo likitikisika, halafu akakumbuka aliko. "Omba, Dinah."

"Siombi."

"Basi hatapita."

"Atapita," Dinah alisema, akainuka, akaenda kuosha kikombe chake.

Njiani kurudi nyumbani, ambako ni kuvuka barabara tu, Kester hakujizuia. "Mama, ungesema hapana. Neno moja!"

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Uongo mdogo."

"Juu ya baba yako? Wiki hii?"

"Basi muombe. Huo si uongo. Ni adabu."

Dinah alisimama mlangoni akitafuta ufunguo. "Mtu huomba cha mwenzake, Kester. Nikiomba, nimeshasema ni ya Norman. Bibi yako aliibeba ile njia miguuni, na mama yake pia. Mimi nimeivuka na sufuria, nimeivuka na tumbo lako ndani. Siku moja ya kuomba itafuta yote hayo. Ingia ndani, baridi."

Wanaume wa kubeba walikubali, wengine wa Keldrow na wengine wa Hallbeck, kwa sharti moja: watabeba, hawatabomoa. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyegusa ukuta wa mwenyekiti. Kester naye alisema ana kazi ya simu na ofisi. Alhamisi asubuhi, palipopambazuka vizuri, Dinah alichukua mtaimbo, mbao mbili na glavu za Wilf, akashuka peke yake hadi kwenye kivukio kilichozibwa.

Ukuta kama huo huanzwa kubomolewa juu. Mawe ya kichwani, yaliyosimama wima kama vitabu, aliyatoa moja moja akayapanga mbali kwenye nyasi kwa mfuatano wake. Yaliyofuata akayaweka karibu zaidi, na vijiwe vya kujazia akavirundika kando, ili wakati wa kujenga kila kitu kiwe mahali pake. Baridi ilikuwa imeyagandisha mawe pamoja, ikambidi kila moja aligonge kwanza. Alimlaani mumewe kwa sauti. Angekuwa mjenzi mvivu, ukuta ungekuwa umeshaanguka wenyewe.

Norman alifika kwa ile pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa amekaa nyuma. Alizima injini. Alitazama kwa muda.

"Huo ni ukuta wangu."

"Najua. Nitaurudisha."

"Naweza kumwita polisi."

"Mwite. Atakuja kwa barabara, ni mbali."

Norman alijikuna shingo. Dinah aliendelea. Alikuwa amefika kwenye jiwe la kupitiliza, lile bamba refu linalolala kukata upana wote wa ukuta na kushika pande zake mbili. Ni jiwe la watu wawili. Wilf alikuwa amechagua zuri, pana kama meza. Dinah aliingiza mtaimbo chini yake, akakandamiza. Jiwe halikusogea.

"Dinah," Norman alisema, taratibu sasa. "Hapa hakuna mtu. Mimi, wewe na mbwa, na mbwa hasemi. Niombe kwa sauti ya chini. Kesho upite na watu wote wakuone umepita kichwa juu. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Nitajua, ndiyo."

"Na mimi."

Alihamisha mtaimbo upande wa pili, akakandamiza tena. Jiwe lilinyanyuka kidogo, akasukuma kijiwe chini yake kwa mguu. Hakusema "nishikie hapa". Baadaye alikiri kwamba neno lile lilikuwa mdomoni. Kuomba msaada wa jiwe si kuomba njia, alijua hivyo; lakini hakujua vizuri hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi, na asubuhi ile hakutaka kulitafuta. Aliegemeza mbao mbili kwenye ukuta, akalivuta jiwe kwa mtaimbo inchi kwa inchi mpaka likaanza kuteleza juu yake. Kidole chake kilibanwa. Aliguna, akakitoa, damu ikaingia ndani ya glavu. Norman alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki, mikono imenyooka mbele, kama mtu anayemwona mtoto karibu na kisima. Hakusogea zaidi. Jiwe likafika chini, likatulia kwenye nyasi.

Walisimama wote wawili wakihema, ingawa mmoja tu ndiye aliyefanya kazi.

"Ukaidi huu ni wa Hallbeck," Norman alisema. "Huku kwetu hatuzaliwi hivyo."

"Huku kwenu mnauoa."

Norman alipanda pikipiki yake. Hakuwasha injini.

"Kesho nina mnada mjini," alisema, akitazama mbele. "Naondoka asubuhi mapema. Sitakuwepo."

Mnada wa mjini ni Jumatano. Kila mwenye kondoo mmoja analijua hilo. Dinah alifunga kitambaa kidoleni.

"Sawa," alisema.

"Na kondoo nawapandisha juu leo. Kwa sababu ya nyasi."

"Nyasi za Februari."

"Sikusema neno lolote, Dinah."

"Sikusikia neno lolote."

Norman aliondoka. Mchana kondoo wake walionekana wakipanda kilimani, mahali ambapo hapana kitu cha kula ila majani makavu, nyuma yao trekta limebeba marobota ya majani ya akiba.

Ijumaa ilianza na mvua iliyochanganyika na theluji. Bwana Raine alilileta jeneza mpaka mwisho wa lami, akafungua mlango wa nyuma wa gari lake lenye joto, akawaachia. Wabebaji waliinua. Kester alikuwa mbele kushoto. Dinah alitembea nyuma ya jeneza, na nyuma yake Keldrow nzima, hata wale waliosema hawatakuja, maana hakuna aliyekubali kuhadithiwa jambo hili. Jessie Bousfield alishikwa mkono na kasisi, akimweleza nani alizaliwa nyumba ipi.

Walipita kwenye pengo bila kugusa jiwe. Malisho yalikuwa matupu. Nyumba ya Norman ilitoa moshi, lakini gari lake halikuwepo. Kwenye kijito walivuka juu ya bamba la jiwe, mmoja mmoja wakipapasa kwa miguu, na aliyekuwa nyuma kulia aliteleza akatukana, akamwomba kasisi radhi, akamwomba na Wilf. Kilichobaki kilikuwa geti la chini linalotokea kichochoro cha Hallbeck. Halijawahi kuwa na kufuli, kwa sababu ya matrekta.

Jessie ndiye aliyeiona kwanza. Macho yake hayaoni gazeti, lakini huona asichotakiwa kuona.

"Kuna pini," alisema.

Msafara ukasimama. Kwenye mwimo wa geti, katika ubao mweusi wa mvua, kulikuwa na pini imechomekwa, mpya, inang'aa. Minong'ono ilirudi nyuma ya mstari na kwenda tena mbele. Norman ameichoma mwenyewe, alisema mmoja. Hapana, mkewe, alisema mwingine. Wabebaji walisimama na mzigo mabegani, maji yakiwadondoka puani, wakisubiri kujua wamebeba haki au wamebeba mgeni.

Dinah alipita kando ya jeneza mpaka kwenye geti. Aliinama akaitazama ile pini. Ilikuwa pini ya shati, zile zinazoshika kola ya shati jipya lililotoka dukani. Asubuhi ile, katika nyumba zote za Keldrow, shati jipya lililofunguliwa lilikuwa moja, na alilipiga pasi yeye mwenyewe.

Alimtazama mwanawe. Kester, shavu limebanwa na jeneza la baba yake, hakuweza kugeuza uso.

"Nilitaka yaishe kwa amani, mama," alisema. "Nilishuka alfajiri. Nilidhani hutaiona. Wao wangeiona."

"Norman hakukutuma?"

"Norman hajui."

Dinah aliing'oa. Haikutoka mara moja. Kidole kilichofungwa kitambaa hakikushika vizuri. Ilipotoka aliiinua ili walio nyuma waione, akaitupa kijitoni. Ilikuwa ndogo mno kusikika ikianguka.

"Wilf Tallentire hajalipa," alisema, si kwa sauti kubwa. "Na hajaomba. Fungueni geti."

Kasisi Philippa wa Surrey ndiye aliyelifungua. Walipita, wakapanda kichochoro, na kengele ya Hallbeck ikaanza.

Norman alikuwa kanisani. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, suti nyeusi, kofia magotini, viatu vikavu vya mtu aliyekuja kwa barabara. Aliimba kwa sauti nene. Baadaye kwenye chai kulikuwa na sandwichi za nyama ya paja la nguruwe, kwa sababu huku mtu asiyezikwa kwa nyama hiyo hakuzikwa kwa heshima, na Norman alikula za kutosha. Alimwambia Kester kwamba baba yake alikuwa mjenzi hodari. Kuhusu mnada hakuulizwa, na hakusema.

Kester alirudi Leeds Jumapili. Kabla ya kuondoka alimwambia mama yake kwamba alikosea. Dinah alimwambia alikosea kweli, akampa keki iliyobaki ale njiani.

Jumatatu alishuka kujenga. Kijiji kilikuwa kimegawanyika. Wapo waliosema atauziba ukuta kama ulivyokuwa, kwa kuwa aliahidi kuurudisha na alichotaka amekipata. Wapo waliosema ataacha pengo wazi, na kondoo wa Norman watakuwa barabarani kufikia Jumatano. Dinah hakumwambia mtu. Alijenga siku kadhaa, mvua na jua. Jiwe la kupitiliza hakulirudisha lilipokuwa. Alilitanguliza chini, ncha yake imejitokeza nje kama ngazi, na juu yake mengine mawili aliyoyachagua rundoni, kila moja limejitokeza zaidi kwenda juu. Kileleni aliacha mwanya mwembamba kati ya mawe mawili yaliyosimama.

Norman alikuja kwa miguu alipokuwa akimalizia. Alisimama upande wake wa ukuta. Alitazama ngazi, akatazama mwanya.

"Umeacha kivukio."

"Nimeacha."

"Mbwa atapita hapo?"

"Ngazi ni ndefu, na mwanya ni wa nyonga za mtu. Mbwa mkubwa atabebwa na mwenyewe, mikononi. Ukimbeba mbwa mikononi, huwezi kumwachia kondoo wa watu."

Norman alitafakari hilo. Alijaribu kwa mkono upana wa mwanya, kisha akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akageuka ubavu, akavuta pumzi, akakwama. Alijitoa polepole, akashuka, uso umeiva zaidi.

"Mimi sipiti."

"Wewe una geti la uani kwako."

Alipiga jiwe la juu kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni kabla ya kumnunua. Halikutikisika.

"Sikukuruhusu, Dinah. Hilo liwe wazi."

"Liko wazi. Sikukuomba."

"Hukuniomba," Norman alikubali.

Alisimama hapo kidogo zaidi. Kisha akauliza kama jiwe lile la mwisho la kichwani, lililokuwa upande wake nyasini, ndilo linalofuata. Dinah alisema ndilo. Norman aliliinua bila kuambiwa, akaliweka juu ya ukuta. Alikuwa ameliweka kichwa chini. Dinah aliligeuza, akalikaza kwa kijiwe, akavua glavu. Jumapili iliyofuata alivuka hapo kwenda kanisani, na Jessie Bousfield alivuka nyuma yake, akisukumwa na kasisi, akilalamika njia nzima kwamba ngazi ni ndefu mno kwa watu waungwana.